Nani Aliyelipa Ada? Kibarua, Mkopo na Hadithi Tunazowasimulia Watoto



Nimekuwa kimya muda mrefu, na leo nakuja na jambo lililoanzia nyumbani kwangu kabla halijawa historia. Wengi wetu tulio huku Marekani tuna watoto waliofika umri wa chuo. Kila mwaka ikifika Machi na Aprili barua za vyuo zinaanza kuingia, na swali linalozuka mezani ni lile lile: mtoto akope, au afanye kazi? Mimi niliulizwa mwaka 2022. Nilijibu haraka, kwa kujiamini kabisa, na nilikosea. Kosa lenyewe ni la aibu kidogo kwa mtu ambaye mshahara wake unatokana na kufundisha historia, maana nilikuwa sijawahi kuichunguza historia yangu mwenyewe.

Barua ya binti yangu ilitoka chuo cha jimbo, si chuo cha matajiri. Ilikuwa na mafungu matatu. La kwanza ruzuku, ambayo hairudishwi. La pili nafasi ya kibarua cha chuoni, ambacho sehemu kubwa ya ujira wake hulipwa na serikali kuu. La tatu mkopo wa serikali, dola 5,500 kwa mwaka wa kwanza, na kati ya hizo dola 3,500 zilikuwa za aina ambayo riba yake hulipwa na serikali muda wote mtoto akiwa masomoni. Nilichukua kalamu nikaupiga mkopo mstari mwekundu. Nikamwambia, mwanangu, baba yako kasoma kwa mikono hii miwili. Waliotutangulia walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Fanya kazi. Mama yake aliguna, hakusema neno.

Binti akafanya kazi. Maktaba walimpa masaa 12 kwa wiki. Hayakutosha, kwa hiyo akatafuta duka la vyakula nje ya chuo, jioni na mwisho wa wiki, masaa mengine 16. Muhula wa kwanza alipita kwa kuchechemea. Muhula wa pili, mwaka 2023, alinipigia simu saa tano usiku: kemia ameanguka. Si kwamba alishindwa kuielewa. Vipindi vya maabara vilikuwa asubuhi na mara nne alikuwa amelala. Somo hilo ilibidi alirudie kiangazi, na ada ya kiangazi tuliilipa taslimu bila ruzuku yoyote. Tulipopiga hesabu, karibu kila alichochuma dukani muhula ule kilimezwa na kulirudia somo lililomponyoka kwa sababu ya duka.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Baba, wewe ulikuwa unalipwa kiasi gani kwa saa, hata ukaweza kulipa ada?"

Dola nne na senti ishirini na tano. Nilianza kulitamka nikanyamaza, kwa sababu palepale lilinijia jambo ambalo kwa miaka thelathini sikuwa nimelitazama usoni. Mimi sikuwahi kulipa ada.

Nitarudi hapo. Kwanza twende nyuma.

Mwanafunzi anayetumika ili asome si uvumbuzi wa Marekani. Juni 1661 kijana Isaac Newton aliingia Trinity, Cambridge, katika daraja la wanafunzi watumishi. Hao walipunguziwa gharama kwa sharti la kuwahudumia wakubwa: kuhudumu mezani, kutumwa huku na huko, kumwaga vyungu vya usiku. Mama yake hakuwa fukara, ila alibana mkono. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba madaftari yake ya matumizi ya siku zile yamehifadhiwa, na ndani yake mtumishi huyu anaonekana akiwakopesha wenzake fedha na kuandika deni la kila mmoja. Yaani katika chumba kimoja, karne ya 17, kibarua na mkopo walikuwa wanalala kitanda kimoja.

Upande wa pili wa bahari, Harvard ilianzishwa mwaka 1636, na katika miaka ya 1650 mwanafunzi aitwaye Zechariah Brigden alikuwa akilipwa kwa kupiga kengele na kuhudumu. Watu wa vyuo vya huku humtaja kama babu wa vibarua wote wa chuoni. Lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa kabla yake, mwaka 1643, mama mmoja wa London, Ann Mowlson, ambaye jina la kwao lilikuwa Radcliffe, alitoa pauni 100 ziwasaidie wanafunzi wasio na uwezo. Kengele ya kijana inakumbukwa kuliko pauni za bibi. Naomba mliweke hilo akilini, kwa sababu hii ndiyo namna hadithi hizi zinavyosimuliwa tangu hapo.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Booker T. Washington. Sote tulisomeshwa habari zake: kijana aliyezaliwa utumwani, aliyefika Hampton, Virginia, mwaka 1872 akiwa hana kitu, akapewa chumba akifagie, akakifagia mara tatu, na huo ndio ukawa mtihani wake wa kuingia. Baadaye akawa mfagizi wa shule na kwa kazi hiyo akajilipia sehemu kubwa ya chakula na malazi. Hadithi hupenda kuishia hapo. Lakini yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, anaeleza waziwazi kuwa ada ilikuwa dola 70 kwa mwaka, kwamba hakuwa na njia yoyote ya kuipata, na kwamba alilipiwa na tajiri mmoja wa New Bedford, Massachusetts, aliyetafutwa na mkuu wa shule. Ufagio ulilipa ugali. Darasa lililipwa na mtu mwingine. Mwenyewe hakuficha. Ni sisi wasimuliaji tunaoruka ukurasa.

Na hadithi hiyo iliyorukwa ukurasa ilisafiri mpaka kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, akiwemo Dk. Aggrey wa Gold Coast, na ikapendekeza kuwa Mwafrika asomeshwe kwa mtindo wa Hampton na Tuskegee, yaani jembe na kitabu pamoja. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Waafrika wengi wa wakati ule waling'amua mtego: mtoto wa mlowezi anasoma Kilatini, wa kwao analima bustani ya mwalimu na kuambiwa hiyo ndiyo elimu inayomfaa. Kwa hiyo tunaposema kazi inajenga tabia ya mwanafunzi, na mimi mwenyewe nilimwambia binti yangu hivyo, tukumbuke maneno hayo yamewahi kutumika kwa nia gani.

Sasa serikali inaingiaje? Iliingia kwa sababu ya njaa. Katika mdororo mkubwa wa uchumi, Juni 1935, Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya vijana ya taifa, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwalipa wanafunzi wa vyuo ujira mdogo kwa kazi za chuoni ili wasikimbie masomo. Arthur Miller, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia, alilisha panya wa maabara Michigan kwa dola 15 kwa mwezi. Richard Nixon, akisomea sheria Duke, alifanya kazi maktaba kwa senti 35 kwa saa. Hebu tuulize tena lile swali letu: ada ya Nixon pale Duke nani alilipa? Alikuwa na ufadhili wa ada.

Idara ile ilifungwa mwaka 1943. Lakini mkurugenzi wake wa jimbo la Texas, aliyeteuliwa akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa Lyndon Johnson, na huyu bwana alikuja kuwa rais.

Kabla yake lakini kulitokea mkopo, na mkopo uliletwa na Warusi. Tarehe 4 Oktoba 1957 walirusha Sputnik, Marekani ikashtuka, na Septemba 1958 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Mapendekezo ya awali yalikuwa na ufadhili wa bure kwa vijana wenye akili. Bunge likauondoa, likabakiza mikopo. Masharti yake ukiyasoma leo unaweza kulia: riba asilimia 3, mwisho dola 1,000 kwa mwaka, unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukiwa mwalimu wa shule za umma unaweza kusamehewa hadi nusu ya deni. Kulikuwa na kiapo pia, mkopaji aape kwamba si mpinzani wa serikali. Harvard na Yale zilijitoa mwaka 1959 kwa sababu ya kiapo hicho, na sehemu ile iliyochukiza iliondolewa mwaka 1962. Ninalisisitiza tukio hili la 1958 kwa sababu hapo ndipo Bunge lilipokabiliwa na swali la nani alipe, likajibu: alipe mwanafunzi mwenyewe, baadaye.

Johnson alijaribu kujibu kwa njia zote kwa pamoja. Yeye alikuwa mtoto wa familia iliyoporomoka. Alisoma chuo cha ualimu San Marcos, Texas, akifagia sakafu, akiuza soksi, kisha akawa mtumishi katika ofisi ya mkuu wa chuo. Alikopa pia. Hata hivyo fedha zilimwishia, ikambidi aache masomo kwa muda akafundishe watoto wa Kimeksiko kule Cotulla, mwaka 1928 hadi 1929, ndipo akarudi kumaliza. Kwa hiyo alijua kibarua kina kikomo. Sheria yake ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini ilianzisha mpango wa kibarua cha wanafunzi unaoendelea hadi leo, na ndani yake mliwekwa sharti ambalo mimi sikulijua hadi binti yangu alipoanguka kemia: muhula ukiwa unaendelea, mwanafunzi asifanyishwe kazi zaidi ya masaa 15 kwa wiki. Wabunge wa 1964 walikuwa wanajua nilichokuwa sijui.

Tarehe 8 Novemba 1965 Johnson alirudi San Marcos, kwenye chuo kile kile alichokifagia, akatia saini pale Sheria ya Elimu ya Juu. Humo mlikuwamo ruzuku kwa maskini, kile kibarua kikapanuliwa, na kikaletwa kitu kipya: benki za kawaida zikopeshe wanafunzi, serikali isimame mdhamini. Wakati ule hilo fungu la benki lilionekana kama nyongeza tu kwa watoto wa tabaka la kati. Jamani, mgeni mwenye mkia mrefu huanza kwa kuomba sehemu ya kuweka kichwa. Mwaka 1972 likaundwa shirika la kununua mikopo hiyo kutoka kwenye benki ili ziwe na fedha za kukopesha zaidi. Mwaka 1978 ukomo wa kipato ukaondolewa, kila familia ikaruhusiwa. Mwaka 1992 ikaja mikopo ambayo riba inaanza kuzaa siku mtoto anapoingia darasani. Benki zilitolewa mwaka 2010, serikali ikawa mkopeshaji wa moja kwa moja, lakini deni lilikuwa limeshakua. Leo deni la wanafunzi kwa serikali kuu limepita dola trilioni 1.6. Mpango wa kibarua unatengewa kama dola bilioni 1.2 kwa mwaka. Najua hilo la kwanza ni limbikizo na la pili ni la mwaka mmoja, wachumi msinirukie, lakini hata hivyo mnaona ni kiti gani kimekaliwa na nani.

Na sheria ilizidi kumkaba mkopaji. Tangu 1976 ukifilisika deni la masomo halisamehewi ndani ya miaka mitano ya kwanza. Mwaka 1998 huo ukomo wa miaka ukafutwa, ukabaki mlango mmoja tu wa kuithibitishia mahakama kuwa una dhiki iliyopita kiasi. Mwaka 2005 hata mikopo ya masomo ya kampuni binafsi ikapewa kinga hiyo. Mtu aliyefilisika kwa kufungua mkahawa mbovu husamehewa. Aliyefilisika baada ya kusomea uuguzi, hapana. Hofu yangu ya mkopo, kwa hiyo, haikuwa ya kijinga, na sitaki mtu asome hapa kwamba mkopo ni neema.

Lakini kibarua je? Hebu tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo mimi na wazee wenzangu tunapowadanganya watoto bila kukusudia. Mwaka wa masomo 1980 hadi 1981, wastani wa ada katika vyuo vya umma vya miaka minne, kwa mkazi wa jimbo, ulikuwa dola 804. Kima cha chini cha mshahara mwaka 1980 kilikuwa dola 3.10 kwa saa. Gawanya: masaa 260 hivi. Kijana akibeba boksi kiangazi kimoja, masaa 40 kwa wiki, baada ya wiki sita na nusu ada ya mwaka imekwisha, tukiweka kodi pembeni. Mwaka 2024 hadi 2025 wastani wa ada hiyo hiyo ulikuwa dola 11,610, na kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25, hakijasogea tangu Julai 2009. Gawanya tena: masaa 1,600. Ukifanya kazi masaa 20 kila wiki, mwaka mzima, bila Krismasi bila Idi, unapata masaa 1,040. Hufiki. Majimbo mengi yana kima cha juu zaidi, sawa, tuseme dola 15: masaa 774, na hapo hujala wala hujalala popote. Ukiweka chakula na malazi, mwaka huo mmoja ulikaribia dola 25,000.

Kwa hiyo mzee Mmarekani wa miaka sabini anayesema alijisomesha kwa kuosha magari hasemi uongo kuhusu magari. Anachosahau ni kwamba jimbo lake lilikuwa limeshalipa sehemu kubwa ya gharama kabla hajashika sifongo. City University ya New York haikutoza ada kwa wanafunzi wake wa kawaida tangu kuanzishwa kwa chuo chake cha kwanza mwaka 1847 hadi 1976. Hata chuo cha Berea, Kentucky, ambacho hakijatoza ada tangu 1892 na ambako kila mwanafunzi lazima afanye kazi angalau masaa 10 kwa wiki, kinaendeshwa zaidi kwa mfuko wa wakfu wake kuliko kwa jasho la wanafunzi. (Uingereza walipita njia yao: mikopo 1990, ada ya pauni 1,000 mwaka 1998, pauni 9,000 mwaka 2012. Walio huko wataieleza vizuri kuliko mimi.)

Sasa sisi wageni. Kwetu swali la mkopo au kibarua halikuwahi kuwa swali. Mwenye viza ya mwanafunzi hapewi mkopo wa serikali kuu, haingii katika kile kibarua cha Johnson, na benki binafsi kwa kawaida humtaka alete mdhamini mwenye uraia au ukazi wa kudumu. Kinachobaki ni kazi ya chuoni isiyozidi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ndiyo maana simulizi zetu zote ni za sabuni na masufuria. Nkrumah, aliyefika Lincoln, Pennsylvania, mwaka 1935, alifanya kazi maktaba, akauza samaki Harlem, akaosha vyombo melini. Wale 81 waliotua New York Septemba 1959 kwa ndege aliyoihangaikia Tom Mboya, na mamia waliowafuata hadi 1963, wengi wakiwa Wakenya lakini wakiwamo pia wa Tanganyika, Uganda na Zanzibar, nao waliosha vyombo na kukata majani. Lakini waliweza kupanda ndege kwa sababu vyuo vilikuwa vimeshawapa ufadhili, wanavijiji walikuwa wamechanga, watu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte walikuwa wameomba michango kwa majina yao, na mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 za usafiri baada ya serikali kukataa. Tukikutana misibani na harusini tunasimulia sufuria. Mchango hatuusimulii.

Mimi nilifika mwaka 1991 kutoka Tanga, na begi moja na sweta ambalo lilinichekesha mwenyewe ilipofika Novemba. Chuo kilikuwa kidogo, katikati ya mashamba ya mahindi. Kazi yangu ilikuwa jikoni kwenye bwalo, upande wa vyombo. Trei zinakuja kwenye mkanda, unakwangua mabaki, unapanga kwenye mashine, mvuke unakupiga usoni, na kwenye mlango kuna saa ya ukutani ambayo unaingiza kadi yako inagongwa muhuri. Siku ya kwanza nilipoishika ile kadi nilimkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyekuwa manamba katika mashamba ya katani. Alikuwa akituonyesha kwa vidole jinsi kipande kilivyokuwa: vyumba thelathini vya siku thelathini, na siku usiyomaliza kazi haihesabiwi. Neno kibarua lenyewe, kama mjuavyo, ni barua ndogo, kile cheti cha mfanyakazi wa kutwa. Nikajisemea, mjukuu amevuka bahari amekuja kupokea kipande. Kwa hiyo nilijivunia, na bado najivunia. Yule mama wa jikoni aliyenifundisha kushika visu kwa mpini, asiyejua Tanganyika iko wapi, alinihifadhia chakula kila Ramadhani bila kuombwa. Kibarua kinaweza kukupa watu. Mkopo haukupi mtu yeyote.

Lakini hesabu ni hesabu. Masaa 20 kwa dola 4.25 ni dola 85 kwa wiki. Kwa wiki thelathini ni dola 2,550. Kwa miaka minne, kama dola 10,200. Mei 2023, baada ya simu ile ya usiku, niliandikia ofisi ya kumbukumbu ya chuo changu cha zamani niombe nakala ya hesabu yangu. Ikaja karatasi nne, moja kwa kila mwaka. Jasho langu lote la miaka minne lilizidi kidogo tu ada ya mwaka mmoja. Kila ukurasa una mstari wa ada, na chini yake mstari mwingine wenye jina la mfuko fulani, na mwisho sifuri. Nilipokuwa kijana niliona ile sifuri tu. Niliuliza mfuko ule ni wa nani. Wakanijibu kuwa ni wosia wa mwalimu wa shule ya msingi, mjane asiye na watoto, aliyefariki kabla ya vita kuu ya pili, aliyeacha shamba lake liuzwe na fedha zisomeshe wanafunzi watokao nchi za mbali. Miaka minne nilikula, nikalala na kusoma juu ya shamba la mtu, na sikuwahi kuuliza jina lake.

Nyumbani swali hili Mwalimu aliliuliza kwa ukali Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza kwa mamia, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunaweza kubishana kuhusu ukali wake hadi kesho, ila hoja yake ilikuwa kwamba wakulima ndio waliolipa ada, na deni lipo hata kama hakuna mkataba uliosainiwa. Baadaye mkataba ukaja: sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, kazi ikaanza Julai 2005, na vijana wakaita fedha zao bumu, kama vile zimedondoka zenyewe. Mwaka 2016 makato yalipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, wapwa zangu wawili walipiga simu huku kwa hasira. Mwaka 2021 Rais Samia aliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, wakapiga tena, safari hii kwa furaha. Kati ya simu zote hizo, sikumbuki hata mmoja wetu akimtaja mkulima.

Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali mpango wa Rais Biden wa kusamehe dola 10,000 kwa mkopaji, au 20,000 kwa waliowahi kupata ruzuku ya maskini. Wiki chache baadaye nilikaa na binti yangu jikoni, kompyuta mbele yetu, tukafungua fomu ya mkopo. Nilimtaka achukue ule wa riba iliyolipiwa na serikali tu, dola 4,500 kwa mwaka wa pili, riba asilimia 5.50 itakayoanza kumhesabia akishamaliza. Ile kazi ya dukani aiache. Ya maktaba abaki nayo, masaa 10, kwa kuwa aliipenda na wale wazee wa maktaba walikuwa wameshamfanya mjukuu wao.

Kabla hajabonyeza, nilimwonyesha zile karatasi nne. Alizisoma zote, polepole, akafika kwenye sifuri ya mwisho.

"Kwa hiyo hukulipa."

"Sikulipa."

"Na ulisema umesoma kwa mikono miwili."

Nikamwambia mikono ilinunua koti, vitabu, na stempu za barua za kwenda Tanga. Akauliza yule bibi aliitwa nani, nikamtajia. Akaliandika jina pembeni ya karatasi, halafu akageuka kwenye kompyuta akasaini deni lake. Mama yake alikuwa kwenye jiko akikaanga mandazi. Aliguna tena.

Nawasilisha.